Nilindie Hapa, Niko Nakuya

Séraphine, fundi wa nguo wa mtaa wa Nateete, kwa Waganda, ana hasira iliyoshonwa mara mbili. Ukivuta uzi mmoja haifumuki, unajikata kidole tu. Mtaa mzima unalijua hilo, na Mungu analijua kuliko mtaa, maana sehemu kubwa ya hasira yenyewe huwa inapelekwa kwake. Wakristo wengine wakikasirika wanaacha kuomba. Séraphine akikasirika ndiyo anaomba, tena kwa sauti, na majirani wanapunguza redio ili wasikose kusikia.

Alitoka Uvira, kule Kongo, miaka mingi imepita, na kitu alichobeba mapajani njia nzima, kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, kilikuwa kichwa cha cherahani. Meza na miguu alitengenezewa hapa hapa. Mwanawe wa kweli, Guerschom, alitembea kwa miguu yake, na mpaka leo akija kutoka Mbuya anakofanya kazi hukumbusha: "Mama, weye ulibeba chuma, mie ukaniburuta." Séraphine hujibu kwamba chuma hakikuwa kinalia njaa.

Baraza lake liko kwenye ile njia ya kushukia sokoni. Pembeni yake, mkono wa kushoto, anakaa Salongo, Muganda mmoja mrefu mwembamba anayeshona viatu. Salongo si jina, ni heshima wanayompa baba wa mapacha, lakini yeye ameitwa hivyo mpaka jina lenyewe limechakaa na hakuna anayelikumbuka. Zamani alikuwa mlevi wa kutafutwa kwa tochi. Kisha aliokoka, na siku hizi hunywa chai tu, ingawa anakishika kikombe kama mtu anayeogopa kitamponyoka.

Hawa wawili walikuwa kanisa moja na kikundi kimoja cha Biblia. Kila Jumatano jioni walikutana nyuma ya stoo ya mkaa ya Filda, mjane wa Kiacholi mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. Mchungaji wao, Mumbere, ni Mnande wa Butembo. Hebu piga picha: Mwacholi, Muganda, Mnande na mama wa Uvira. Kila mmoja ana lugha yake ya kumlilia mama yake, lakini ya kumlilia Mungu siku ya Jumatano ilikuwa Kiswahili, kwa sababu pale Kiswahili si cha baba wa mtu, na kila mmoja anakivunja kwa haki sawa.

Msomaji alikuwa Séraphine. Anasoma vizuri, anatua kwenye nukta, hamezi maneno. Salongo hajui kusoma, macho yake na herufi havijawahi kusalimiana. Kila neno la Biblia alilo nalo kichwani liliingia kwa sikio, kutoka mdomoni mwa Séraphine. Zaburi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kuinua macho kwenye milima, ile ya Bwana atakulinda. Ikifika hapo, machozi yalimtoka. Séraphine alikuwa anafikiri ni usomaji wake mzuri.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa mchana wa jua kali, na mezani pana sare za kwaya, zimekatwa, zinangoja mikono. Uzi wa zambarau ukaisha. Séraphine akasimama, akajinyoosha mgongo, akamwambia jirani yake kwa Kiswahili chake cha Uvira:

"Salongo, nilindie hapa kidogo, niko nakuya."

"Kale, nyabo," akasema Salongo. Maana yake ni sawa, mama.

Duka la vifungo na nyuzi ni la Maftah, halipo mbali, lakini siku hiyo zambarau zilikuwa za aina tatu na Maftah ni mtu wa maneno. Séraphine aliporudi, uzi mkononi, aliona jambo la kwanza: Salongo amekaa kwenye kigoda chake, mgongo wima, anatazama barabara. Alipomwona, uso wote ukafunguka kama mtu aliyeona treni aliyoingoja.

"Nyabo! Umekuja!"

Kisha Séraphine akaona jambo la pili. Meza ilikuwepo. Miguu ilikuwepo. Kichwa hakipo. Cherahani imekatwa kichwa kama Yohana Mbatizaji, na hata sinia hawakuacha.

"Salongo," akasema polepole, "cherahani iko wapi?"

Salongo akageuka. Akatazama meza. Akatazama chini ya meza, kana kwamba kile chuma kinaweza kuwa kimeshuka kupumzika.

"Banange! Jamani!"

"Nimekuuliza iko wapi!"

"Nyabo, mimi nirikuwa hapa! Sijatoka! Hata mtu ameleta kiatu mimi nakataa, namwambia hapana, mimi niko nalinda Mama Guerschom!"

"Ulikuwa unalinda?"

"Nirikulinda sana!" akasema Salongo kwa uchungu wa mtu anayeonewa. "Nimekulinda mpaka umekuja! Naangalia njia, naangalia njia, nasema huyu nyabo amekawia nini, lakini sitoki, nalinda!"

Hapo ndipo msiba wote ulipo, na anayejua Kiganda tayari ameshika kichwa. Séraphine alisema linda, akimaanisha tunza, tia jicho, usiache mtu aguse. Masikioni mwa Salongo neno hilo hilo ni la Kiganda, kulinda ni kungoja. Aliambiwa ningoje hapa, nakuja, naye akangoja. Hakuna mtu aliyewahi kungojwa vizuri namna ile Nateete. Aliipa barabara uso, cherahani akaipa mgongo, na mwizi akaja akajichukulia kama anayechuma pera.

Lakini siku ile Séraphine hakuwa na nafasi ya somo la lugha. Alichoona ni jitu zima lililokaa karibu na mali yake na kuiacha iende. Mdomo ukafunguka, likatoka neno ambalo Nateete halitamkwi ovyo:

"Mwizi! Mwiziii!"

Alikuwa anamwita yule aliyeondoka. Neno, ole wako, halina kidole. Vijana wa bodaboda waliokuwa kwenye kivuli waliruka, wakatazama, wakaona meza tupu na mwanaume aliyesimama karibu nayo. Hawakuuliza. Mmoja akamshika Salongo shati, mwingine akaokota nusu ya tofali. Salongo hakukimbia hata. Alimtazama Séraphine tu.

Séraphine anasema mpaka leo kwamba hajui nani aliisogeza miguu yake. Alijikuta katikati, rula ya mbao ya kupimia nguo mkononi, anachapa nayo hewa na viganja vya watu.

"Mumuache! Mumuache, nimesema!"

"Mama, si umesema mwizi?"

"Nimesema mwizi, sikusema huyu! Huyu si mwizi, ni mjinga! Kwa ujinga mnapiga batu? Mngebaki wangapi hapa?"

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Huyu ni wangu! Kama kuna mtu wa kumpiga ni mie, na bado sijamaliza kukasirika! Weye, weka tofali chini. Chini! Mama yako anajua uko unashika matofali mchana?"

Tofali likashuka. Kijana alikuwa na aibu, akajifanya alikuwa anaegesha pikipiki. Salongo, shati limechanika bega, akafungua mdomo.

"Webale, nyabo. Asante..."

"Usiniambie asante! Usiniambie kitu! Kaa kule!"

Akakaa kule. Séraphine akarudi kwenye meza isiyo na kichwa, akaweka uzi wa zambarau pale palipokuwa na sindano, akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuwa kwenye foleni, haijafikiwa.

Jumatano ilipofika hakuna aliyetegemea kumwona Séraphine. Alikuja wa kwanza. Akakaa kwenye benchi, Biblia mapajani imefungwa, mikono juu yake kama mtu anayekandamiza mfuniko wa sufuria. Salongo akakaa mwisho kabisa, karibu na magunia, bega la shati limeshonwa kwa uzi wa viatu.

Mchungaji Mumbere ni mtu mzuri, ila ana sukari nyingi. Alianza kwa sauti ile ya kubembeleza:

"Mama Guerschom, tumesikia. Poleni sana. Lakini ujue, Mungu yuko anakufundisha kumtumainia Yeye, si kutumainia vitu. Amina?"

"Hapana," akasema Séraphine.

Mchungaji akapepesa macho. Watu hawajibu amina kwa hapana.

"Nasema anakufundisha..."

"Nimesikia, Pasta. Kama anafundisha, aniazime na cherahani nifanyie zoezi. Shule gani hii wanafunzi wananyang'anywa kalamu?"

Filda akaficha mdomo kwa leso. Mchungaji akajaribu mlango mwingine.

"Basi tusome Neno. Neno linaponya. Tusome ile ya milima, tunayoipenda wote."

"Sisomi."

"Mama..."

"Sisomi uongo mbele ya batu! Miaka yote nasoma hapa Bwana atakulinda, Bwana hasinzii. Ninyi mnasema amina, mie narudi nyumbani nimeshiba. Alikuwa wapi? Mie naenda kununua uzi, si pombe! Uzi, wa sare za kwaya yake mwenyewe! Kama amelala, aseme amelala. Kama anachoka, aseme. Lakini asiniambie hasinzii na kichwa cha cherahani yangu kiko soko la Kalerwe kinauzwa kwa vipande!"

Ndipo sauti ikatoka kule kwenye magunia.

"Nyabo, naomba kuuliza."

"Usiulize!"

"Muache aulize," akasema Filda. "Mtu akinyamaza muda mrefu anaoza."

Salongo akasimama, ameshika kofia.

"Hii linda... Tangu siku ile vijana wananicheka, wananiambia, Salongo, kwa Kiswahili linda si kulinda kwetu. Linda ni kukuuma." Kukuuma, kwa Kiganda, ndiyo kutunza kitu kisiguswe. "Basi mimi nauliza. Hata kwa Zaburi? Hata pale kwa Bwana?"

"Hata pale," akasema Mchungaji. "Ni kukuuma, Salongo. Bwana atakukuuma."

Salongo akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyojenga iko kwenye kiwanja cha mwenzake.

"Banange," akasema. "Mimi nirijua anangoja."

"Anangoja nini?"

"Mimi." Akageuza kofia mikononi. "Wakati ule nalala kwa mtaro. Siku ya kwanza napita hapa, nimelewa, nasikia nyabo anasoma, Bwana atakulinda. Mimi nasema, eh! Bwana ananingoja? Mimi? Watu wote wamechoka kuningoja, hata mke wangu amefunga mlango. Na huyu hasinzii, hasinzii, anaangalia njia nikuje. Basi nikakuja." Akafuta pua. "Kumbe si hivyo imeandikwa."

Mchungaji akainama, sukari yote imemwishia.

Séraphine alihisi kitu kinamgusa moyoni, na hicho ndicho kilichomkasirisha kupita cherahani. Mtu akikuibia, unataka awe mbaya mpaka mwisho. Ukimkasirikia Mungu, unataka akae kwenye kiti cha mshitakiwa atulie, asilete shahidi mwenye kofia. Akasimama, benchi likaruka.

"Tuombe!" akapiga kelele, na watu wakafumba macho kwa woga. "Bwana! Miaka yote nimekuomba unilinde. Kama na weye unasikia Kiganda kama huyu, kama ulikuwa umekaa kwa kigoda unaangalia barabara, basi leo nakuambia kwa lugha yako! Mukama, onkuume! Bwana, unitunze! Umesikia? Onkuume! Kuuma! Kuuma! Amina!"

"Amina," wakajibu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa kutetemeka. Akachukua Biblia yake akaondoka.

Mtu mwingine angemaliza hapo. Séraphine hakumaliza. Kesho yake alianza kusoma, si kwa ibada, kwa kesi. Alitaka kukusanya kila mahali Mungu alipoahidi kulinda, aweke ushahidi mezani, kisha aseme sasa jibu. Hakuwa na kazi nyingine, sare za kwaya zilikuwa zimelala kwenye kapu. Ule uzi wa zambarau aliukata vipande, na kila alipokuta neno lile akaweka kipande kati ya kurasa. Alianza mwanzo kabisa, kwa sababu kesi huanza mwanzo.

Hakufika mbali. Mungu anamuuliza Kaini ndugu yako yuko wapi, na yule muuaji anajibu kwa jeuri: kwani mimi ni mlinzi wa ndugu yangu? Séraphine alikaa na kipande cha uzi mkononi. Aliona tofali. Aliona Salongo anamtazama bila kukimbia. Aliona neno lake mwenyewe linaruka hewani bila kidole.

"Sikukuuliza hiyo," akaiambia Biblia. "Nilikuuliza ya cherahani."

Akaweka uzi, akaendelea, amenuna. Alisoma akipika, maharage yakaungua. Alisoma amesimama, amekaa, amelala chali, na kila alipopata ahadi alisema "Haya! Hii hapa! Umeandika mwenyewe!" mpaka Filda, ambaye stoo yake iko ukuta kwa ukuta na chumba cha Séraphine, akagonga ukutani: "Da Sera, muache Mungu apumue!" Kwenye Zaburi uzi ulijaa mpaka kitabu kikaota ndevu. Na kule, chini ya ndevu, akakuta mtu anasema nafsi yake inamngoja Bwana kuliko walinzi wanavyongoja asubuhi.

Alisoma tena. Walinzi. Wanangoja.

Sasa mlinzi anafanya nini kazini? Ana rungu, ana kofia, lakini saa zote zile anafanya nini? Anangoja. Asiyengoja halindi, anakwenda zake kunywa chai. Kumbe Salongo alifanya nusu ya kazi, na kuifanya vizuri kuliko mlinzi yeyote mwenye sare. Tatizo ni uso ulielekea wapi. Na uso wake ulielekea alikokwenda Séraphine. Mji mzima huu wa kukanyagana, siku ile palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anaangalia njia kama yeye atarudi salama. Cherahani haikuwa na mtu wa kuingoja. Yeye alikuwa naye.

Séraphine alifunga Biblia kwa kishindo, vipande vya uzi vikaruka. Alikasirika sana. Alikuwa ameenda kumshitaki Mungu na amerudi na deni la neno lake kwa Salongo.

Msaada ulitoka asikotazamia, kama kawaida yake. Mariamu, fundi mwenzake, mtu wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya pwani, alikuwa na cherahani ya pili imefunikwa shuka. Alimletea kwa mkokoteni, mpaka barazani. Mariamu hakusema Mungu anakufundisha. Alisema:

"Kanyagio linakwama, bibi. Lipige teke upande wa kushoto."

"Nitakurudishia lini?"

"Ukipata yako. Usipopata, tutazeeka tukigombana. Shona!"

Siku hiyo Salongo alikuwa kwenye kigoda chake, hajathubutu kusema neno tangu Jumatano. Séraphine alipiga teke la kushoto, akashona, akapiga teke, akashona. Mchana, uzi ukaisha. Bila shaka ukaisha, ulikuwa kwenye Biblia vipande vipande.

Akasimama. Salongo akatazama viatu vyake.

"Salongo."

"Nyabo?"

Hakuomba msamaha kwa maneno mazuri. Maneno mazuri alimwachia Mchungaji. Alisema: "Siku ile nilipiga kelele ya mwizi. Ilikuwa mbaya. Wangekuua. Nisamehe, na usilie, nina haraka."

"Nimesamehe, nyabo."

"Mie bado niko na hasira."

"Najua, nyabo."

"Sasa sikiliza. Kuuma! Umesikia? Kuuma!"

"Nakuuma!" akasema Salongo, na kwa bidii ya mtu aliyefufuka akageuza kigoda, akaipa barabara mgongo, akakazia cherahani macho yote mawili kama paka kwenye tundu la panya. Mteja akaja na kiatu akaanza kuongea na mgongo wake. Mgongo haukujibu.

Séraphine akashuka njia. Pale kwenye kona ya duka la Maftah, kitu kikamfanya ageuke. Alitazama. Cherahani ilikuwa salama kabisa. Na katika njia yote ile, bodaboda, mabeseni, wauza ndizi, watu kwa watu, hapakuwa na uso hata mmoja uliokuwa unamwangalia yeye. Palikuwa na mgongo mmoja mrefu, bega limeshonwa kwa uzi wa viatu.

Alisimama pale, mikono kiunoni. Likamuudhi. Likamuudhi mno, mpaka akavuta pumzi na kupaza sauti ile ile iliyowahi kuleta matofali, na vijana wa bodaboda wote wakashtuka:

"Salongo! Na kulinda pia!"

Salongo akageuka nusu. "Kulinda ya nani, nyabo? Ya kwako ama ya kwangu?"

"Zote mbili! Mpumbavu weye! Zote mbili!"

Salongo alifikiri kidogo. Kisha akakizungusha kigoda, akakiweka ubavu, jicho moja kwenye cherahani, jicho moja barabarani, shingo imepinda vibaya. Séraphine akaingia dukani, bado amekasirika, akamwambia Maftah leo hataki maneno mengi, ampe zambarau moja tu, upesi, kuna mtu anamngoja.